Miaka 25 ya Mji Mkongwe: Ituri Nayo Ina Sehemu Yake

Mwaka 2025 Mji Mkongwe wa Zanzibar ulitimiza miaka 25 tangu UNESCO iuandike katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyokabidhiwa kuutunza, ilitimiza miaka 40. Jubilei mbili zimekutana katika mwaka mmoja, na sisi tunaoandika na kusoma Kiswahili hapa Bunia tunaungana na Wazanzibari kuzisherehekea.

Hatuji katika sherehe hii kama wapita njia. Msomaji wetu, awe Mudzipela, Mahagi au Mambasa, anazungumza lugha iliyoingia Ituri pamoja na misafara ya watu wa mwambao. Pembe za ndovu zilizotajirisha wenye majumba ya Shangani zilitoka pia katika msitu wetu, na mababu zetu walilipia utajiri huo kwa damu. Mji ule ni urithi wa dunia, na katika dunia hiyo Ituri ina hisa yake. Tunaidai leo kwa furaha, bila kusahau lolote.

Uamuzi wa UNESCO ulipitishwa mwishoni mwa mwaka 2000, katika mkutano uliofanyika Cairns, Australia. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzito. Ulimwengu ulikiri kwamba mji ule umekutanisha Afrika, Uarabuni, Uhindi na Ulaya kwa karne nyingi, na kwamba kila aliyefika ameacha alama yake bila kuifuta ya aliyemtangulia. Ulikiri pia kwamba mahali pale palikuwa soko kuu la biashara ya watumwa, na papo hapo pakawa uwanja wa mapambano ya kuikomesha.

Miji mikuu ya visiwa iliyo katika orodha hiyo si mingi. Valletta ya Malta, katika Bahari ya Mediterania, imo tangu 1980. Kisiwa cha Msumbiji, makao makuu ya zamani ya Wareno, kimo tangu 1991. Valletta ilijengwa na watawa wanajeshi wa Mtakatifu Yohane kwa ramani moja, baada ya kuzingirwa na Waturuki mwaka 1565, na barabara zake zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mji Mkongwe haukuchorewa ramani. Ulikua nyumba kwa nyumba, ukoo ukijenga ubavuni mwa ukoo, mpaka nafasi zilizobaki katikati zikawa vichochoro. Ndiyo maana mgeni hupotea humo, na mwenyeji humtambua mpita njia kwa sauti ya viatu.

Sultani Seyyid Said wa Oman alipouhamishia hapo ufalme wake kutoka Muscat, katika miaka ya 1830, Zanzibar ilikuwa na Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na makazi ya wavuvi na wafanyabiashara pembeni yake. Katika nusu karne iliyofuata ikawa bandari kubwa kuliko zote za Afrika Mashariki. Karafuu ilitoka mashambani kisiwani. Pembe na watumwa walitoka bara. Fedha ikageuzwa mawe.

Mawe yenyewe yanastahili kuelezwa, maana ndiyo mwili wa mji. Ni mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Kuta ni nene, na zinalipokonya jua nguvu yake kabla joto halijafika ndani. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki nafasi kubwa, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Mkoko umeamua upana wa sebule ya tajiri na ya maskini. Nje, mbele ya mlango, kuna baraza ya kukalia, mahali ambapo habari za mji hupimwa kila jioni. Na mlango ndio fahari ya mwenye nyumba: mti mgumu uliochongwa maua, minyororo na maandishi, wengine wakipendelea nakshi za Kiomani, wengine za Gujarati.

Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jumba refu kuliko yote mjini, lenye nguzo za chuma na veranda kubwa pande zote. Humo ndimo umeme ulimowaka kwanza Zanzibar. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliishambulia ikulu kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti cha enzi bila idhini yao. Vita vile havikufika saa moja, na vinahesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Jumba la jirani liliangamia, na mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Ajaib ilibaki imesimama, na mwaka uliofuata ikapata mnara wa saa unaojulikana na kila aliyeuona mji huo kutoka baharini.

Lakini mwaka unaotuhusu zaidi sisi wa Ituri ni 1887.

Mwaka huo, karibu na bandari ya Malindi, tajiri wa Kihindi Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la jengo zuri lenye veranda za mbao zilizonakshiwa, kwa heshima ya jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria. Lilikamilika mwaka 1894, baada ya yeye kufariki, na kwa miaka mingi likawa zahanati. Tharia Topan ndiye aliyekuwa akiwakopesha wafanyabiashara wa misafara, na mmoja wa wateja wake wakubwa alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip.

Mwezi Februari wa mwaka huo huo, Henry Morton Stanley aliondoka katika bandari ile akiwa na Wazanzibari zaidi ya 600, na Tippu Tip na watu wake wakiwa katika meli moja naye. Walizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakaingia mdomo wa Mto Kongo, wakapanda hadi Yambuya kwenye Mto Aruwimi, ambao huku kwetu juu ndio Mto Ituri. Nia ya Stanley ilikuwa kumfikia Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Mwezi Juni kikosi cha mbele kiliingia msituni. Mwezi Desemba waliobaki hai walitoka kwenye nyanda, wakasimama juu ya mteremko wa Ziwa Albert. Wengi wa waliotoka Zanzibar hawakurudi. Vijana waliokulia katika vichochoro vya Malindi na Ng'ambo wamezikwa katika udongo wa Mambasa na Irumu, bila jina juu ya kaburi.

Msituni Stanley alikuta Zanzibar imekwisha kumtangulia. Kulikuwa na kambi ya Ugarrowwa, na kule Ipoto kulikuwa na watu wa Kilonga-Longa, wote wakiwa watu wa misafara waliokuja kutafuta pembe. Vijiji vilichomwa. Wanawake na watoto walichukuliwa. Waliosalia walikimbilia ndani zaidi ya msitu. Ndivyo Kiswahili kilivyoingia katika sehemu hii ya Kongo: kiliingia na bunduki, kisha kikabaki kama lugha ya soko, ya kanisa, ya shule, na hatimaye lugha ya mama na mtoto. Wakoloni wa Kibelgiji waliikuta, wakaitumia. Leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na Mhema, Mlendu, Mualuri, Mbira na Mnande wanapokutana sokoni Bunia, hiyo ndiyo inayowafanya waelewane bei, na mara nyingi ndiyo inayowafanya waelewane amani.

Nyumba ya Tippu Tip bado ipo Shangani. Alirudi huko akaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, akafariki mwaka 1905. Ngazi ya mawe meusi na meupe ingalipo, na mlango wake ni mmoja wa milango inayosifiwa sana mjini. Familia zimeishi ndani yake kwa miaka mingi, zikifua, zikipika na kulea watoto katika vyumba vilivyojengwa kwa mali ya Maniema na Ituri. Msomaji wetu atakayejaliwa kufika Zanzibar na asimame mbele ya mlango huo.

Asiishie hapo, aende Mkunazini. Soko la watumwa la huko lilifungwa mwezi Juni 1873, Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana likawekwa katika uwanja ule ule. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma ya altare. Yeye ndiye aliyeandika sarufi na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, na kazi yake imeuacha mkono wake katika Kiswahili tunachokisoma shuleni. Ndani ya kanisa upo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, mahali ulipozikwa moyo wa David Livingstone. Nje, tangu 1998, kuna shimo lenye sanamu za watu, shingoni mwao minyororo ya kweli. Hapo Mkongo hahitaji kuongozwa na mtu.

Tunaueleza msiba huu katika siku ya sherehe kwa sababu ndio uliokuwa sehemu ya hoja ya UNESCO, na kwa sababu mji uliothubutu kuhifadhi soko lake la watumwa pamoja na majumba ya masultani wake umetimiza wajibu ambao miji mingi imeukwepa.

Kudumu kwa mji huo hakukuwa jambo la hakika. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye nyumba wengi walikimbia au walinyang'anywa. Serikali ikaziweka humo familia zilizotoka mashamba na Ng'ambo, na ilikuwa haki watu waliokuwa wakitazama majumba yale kwa nje wapate kuyakaa. Lakini kodi ilikuwa ndogo, na mwenye jukumu la kukarabati hakuonekana. Nyumba ya chokaa haivumilii kuachwa. Paa likivuja, maji huingia ukutani. Boriti huoza kwenye ncha zilizofichwa ndani ya ukuta, ambako jicho halifiki. Siku moja ghorofa huanguka wakati watu wamelala. Katika miaka ya 1970 na 1980 nyumba nyingi zilianguka hivyo, na waliokuwa wakiutabiria mji huo mauti hawakuwa wachache.

Uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa ndio uliotoa njia. Mwaka 1985 Mamlaka ikaundwa. Haikuwa na fedha za kutosha, wala mafundi wa kutosha, na majengo iliyopaswa kuyatunza yalikaribia 1,700. Ilianza kwa kuyahesabu na kuyaandika, moja baada ya jingine: lina umri gani, ni la nani, linavuja wapi. Mwaka 1994 sheria ya uhifadhi ilipitishwa, na mpango mkuu, uliotayarishwa pamoja na Aga Khan Trust for Culture, ukaeleza jengo gani lisiguswe, lipi libadilishwe kwa masharti, na wapi panaweza kujengwa upya. Kazi hii ya karatasi haipigwi picha na watalii. Bila hiyo, mji usingeingia katika orodha ya dunia miaka sita baadaye.

Matunda yalionekana. Zahanati ya Tharia Topan, iliyokuwa imechakaa vibaya, ilikarabatiwa ikang'aa tena katika miaka ya 1990. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa jubilei ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa, ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, na kila jioni wakazi huenda huko kula, kupunga upepo na kuwatazama vijana wakijirusha baharini. Ngome Kongwe, iliyowahi kuwa gereza, imekuwa ukumbi wa filamu na muziki. Tamasha la Sauti za Busara hukusanya humo wanamuziki wa Afrika nzima, Wakongo wakiwemo.

Mitihani haikwisha. Hoteli kubwa ilipojengwa karibu na jengo la Mambo Msiige, UNESCO ilituma wataalamu na kulalamika kwa maneno makali kuhusu urefu wake na utaratibu uliofuatwa. Kisha, siku ya Krismasi ya 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ikaanguka pamoja na mnara wake wa saa, wakati kazi ya kuikarabati, iliyofadhiliwa na Oman, ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba lililonusurika mizinga ya 1896 liliangushwa na maji ya mvua na miaka ya kucheleweshwa. Pamoja na hayo, Mji Mkongwe haujawahi kuwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tunaipongeza Mamlaka kwa hilo, na tunajua uzito wa pongezi hizo, kwa sababu sisi tunajua orodha hiyo ni nini.

Hifadhi ya Okapi, hapa kwetu Ituri, iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, miaka minne kabla ya Mji Mkongwe. Mwaka mmoja tu baadaye ikahamishiwa katika orodha ya hatari, na haijatoka humo. Mwezi Juni 2012 kituo cha Epulu kilivamiwa na watu wenye silaha. Watu waliuawa na okapi 14 wakapigwa risasi zizini mwao. Wachimba dhahabu wameingia ndani ya mipaka. Walinzi wa ICCN wanaendelea na kazi katika jimbo lililo chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, na wengine wamelipa kwa maisha yao. Zanzibar na Ituri ziko katika daftari moja la UNESCO. Pembe zilizotoka katika msitu ule zilipakiwa katika bandari ile. Hakuna sehemu mbili za orodha hiyo zilizofungamana kuliko hizi, na bado hatujasikia kwamba wasimamizi wake wamewahi kuketi meza moja.

Wajibu ulio mbele una pande mbili, na tunaanza na upande wa Zanzibar.

Beit al-Ajaib na isimame tena, kwa chokaa na mikono ya mafundi wanaoijua chokaa. Saruji ni rahisi kupatikana na hukauka haraka, lakini huyafungia maji ndani ya ukuta wa matumbawe na kuula taratibu. Fundi anayejua kuchoma chokaa, kuilowesha na kuisubiri ni mtu wa thamani kuliko mashine, na wengi wao wamezeeka. Vijana wafundishwe sasa, walipwe vizuri, na kazi yao iheshimiwe kama ya mhandisi. Wakazi nao wabaki. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na kila nyumba inayogeuzwa hoteli ni familia iliyohamia nje ya mji. Mji ambao baraza zake hazina wazee wa kuzikalia utakuwa umepoteza kilichofanya uandikwe.

Na Beit al-Ajaib itakapofunguliwa, makumbusho yake yawe na chumba cha bara. Njia za pembe zionyeshwe hadi mwisho wake: Tabora, Ujiji, Kasongo, Kisangani, Ipoto. Wapagazi waliokufa Ituri watajwe. Vijiji vya Ituri vilivyochomwa vitajwe pia. Vyuo vikuu vya Bunia vina walimu na wanafunzi wanaoweza kukusanya masimulizi ya wazee wa Mambasa na Irumu, na tunaviomba vianze bila kusubiri barua kutoka Zanzibar.

Upande wa pili ni wetu. Bunia ni makao makuu ya jimbo tangu 2015, na inajengwa kwa kasi. Tunafurahia kasi hiyo; mji uliopita katika vita vya 1999 hadi 2003, ukaona majeshi ya kigeni yakipiga kambi katika uwanja wake wa ndege, una haki ya kujijenga. Lakini nyumba za zamani za utawala, makanisa ya kwanza ya misheni, maghala ya wafanyabiashara, na huko Kilo na Mongbwalu majengo ya kampuni ya dhahabu ya Kilo-Moto, yanabomolewa au kuanguka bila hata picha moja kuwekwa kumbukumbu. Ndani ya majengo hayo mababu zetu walilipishwa kodi, walibatizwa, waliandikishwa kazi ya machimbo, walifungwa. Kuyaacha yapotee ni kuwaachia wengine simulizi yetu.

Hatuiombi serikali ya jimbo ijenge makumbusho kesho. Tunajua barabara ya Mambasa inahitaji fedha, hospitali zinahitaji dawa, na waliokimbia makwao wanalala chini ya maturubai. Tunaomba kile ambacho Zanzibar ilianza nacho ilipokuwa haina fedha: daftari. Idara ya utamaduni ya jimbo, mji wa Bunia na vyuo vikuu viunde kamati ndogo, igawe mitaa, na kila jengo la kabla ya 1960 liandikwe mahali lilipo, mwenyewe ni nani, lilijengwa kwa kazi gani na lina hali gani. Wanafunzi wanaweza kuifanya kazi hiyo katika likizo moja. Nakala moja ibaki Bunia, nyingine ipelekwe Kinshasa, na nyingine itumwe Zanzibar kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, pamoja na ombi la kuletewa fundi mmoja wa chokaa na mwandishi mmoja wa kumbukumbu waje wafundishe.